Jiwe la Mahali pa Joto

Jecheon, 20 Septemba 1978

Baba Hyeran mpendwa,

Hujambo huko jangwani? Tumbo limetulia? Tangu uandike kwamba maji ya huko yanakukorofisha, Mama kila akishika kikombe anauliza kama na wewe umekunywa ya kuchemsha. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo hujua baridi inakuja kabla redio haijasema. Hyeran ameng'oka jino la mbele na anakusalimu kwa mwanya.

Sikukuu ya mavuno tumeila bila wewe. Tuliwaandalia meza waliotangulia, Mama akammiminia baba yako pombe ya mchele, kisha akafanya lile analolifanya kila siku tangu uondoke: akajaza wali katika bakuli lako, akalifunika, akalisukuma chini ya blanketi pale mahali pa joto, karibu na jiko, lisipoe. Nikamwambia, "Mama, Uarabuni ni mbali, leo hatafika." Akanijibu, "Nani kasema leo? Wali wa mtu aliye safarini haulali baridi." Kesho yake asubuhi ni mimi ninayekula huo wali mkavu, na nimenenepa kwa ajili yako.

Tena bado anatoboa dirisha la karatasi. Nabandika karatasi mpya, yeye analamba kidole na kutoboa tundu usawa wa jicho lake, akae amuone tarishi wa posta akiingia uani. Nikisema, ananiambia, "Wewe una macho ya kuona makosa tu. Mimi namwangalia mwanangu." Basi naenda kukoroga gundi tena, maana mkamwana hashindi.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Dalali Kwak, yule mzee wa meno ya dhahabu, alipita hapa wiki jana. Anasema wafanyakazi wa reli wanatafuta vyumba mpaka wanagombana, na chumba safi chenye mlango wake kinatoa amana nono siku hizi, fedha nyingi kwa mkupuo badala ya kodi ya kila mwezi. Akatazama kile chumba kidogo ulichomjengea Mama sakafu ya moto, ya mawe yanayopitishiwa moshi wa jiko chini yake, kabla hujaondoka. Tangu Januari hatujakiwasha hata mara moja. Sote tunalala chumba kikubwa kuokoa makaa, na katika kile kidogo tumejaza mitungi na kabichi. Kwak akasema, "Mama Hyeran, umekalia mali. Kipendezeshe, nami nitakuletea mtu."

Nimepiga hesabu zangu. Amana ya mpangaji ikipatikana, huna haja ya kusaini mkataba wa mwaka wa pili huko. Januari unarudi. Fedha ya fundi sina, nina mikono yangu. Niambie nianzie wapi.

Ni mimi mwenye haraka,
Mama Hyeran


Jubail, 6 Oktoba 1978

Mama Hyeran, mama wa nyumba yangu,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, na tumbo sasa limekubali yaishe. Joto limepungua kidogo, chuma hakituunguzi tena tukikishika. Mpe Mama pole ya magoti. Hyeran mwambie jino alirushe juu ya paa, kunguru amletee jipya, ila asilirushe upande wa jirani maana Mama Cheolgu atadai ni lake.

Wazo lako limenifanya nisilale vizuri kwa furaha. Wenzangu hapa chumbani, watu wanane, wote wana wake, lakini hakuna mwenye mke dalali. Nisikilize mimi fundi, mwana wa fundi. Nyumba ya mtu wa kipato kidogo haipandi thamani kwa vitu vikubwa. Mpangaji anaangalia anachokigusa. Atagusa lango, kwa hiyo lipake rangi. Ataketi sakafuni, kwa hiyo sakafu ing'ae. Ataogopa baridi, kwa hiyo usimwachie upepo hata wa kuzimia kiberiti.

Karatasi ya sakafu ibandike mwenyewe, safu tatu, gundi ya unga wa ngano iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ikikauka, loweka soya, zisage, zitie katika mfuko wa kitambaa pamoja na mafuta, usugue mpaka mkono ugome, halafu usugue tena. Kuta zibandike karatasi nyeupe, chumba kitaonekana kikubwa. Mitungi ihamishie upande wa kisima, mgeni akiingia asikutane na harufu ya siki.

Na madirisha, hapo ndipo wengi wanapotupa makaa yao. Nunua nailoni nzito, igongelee misumari safu mbili kwa nje, na kingo za mlango zibandike vipande vya karatasi. Chumba kikizibwa vizuri, kipande kimoja cha makaa kinafanya kazi ya viwili. Mpangaji akisikia hivyo, amekwisha.

Ila sakafu yenyewe usiichimbe wala usiiguse. Weka karatasi juu, basi. Kazi ya chini nilishaimaliza mimi.

Fundi wako wa mbali,
Baba Hyeran


Jecheon, 24 Oktoba 1978

Baba Hyeran,

Salamu kutoka kwa mwanamke asiyeweza kunyoosha vidole. Nimesugua ile sakafu siku nne. Habari zako lakini? Unakula? Mama anasema picha uliyotuma umekonda shingo. Hapa tumeamka na jalidi juu ya mitungi.

Ungeiona! Safu tatu kama ulivyosema, rangi ya asali, na ukipita unaona kivuli cha miguu yako. Mama alikaa mlangoni siku zote nne akinisimamia. "Kona ile umeiruka." "Mafuta mengi hayo, unakaanga sakafu?" Siku ya nne akaingia bila soksi, akatembea polepole, akapapasa kwa kiganja, akasema, "Mwanangu ana mkono." Nikamwambia, "Mama, hii juu ni kazi yangu!" Akasema, "Ya juu inakaa juu ya ya chini." Nimecheka mpaka nikakaa.

Lango nimelipaka kijani. Mama Cheolgu kaja akashangaa, kaondoka, kesho yake na la kwao ni kijani. Kwak kaja, kavua viatu, kasugua kiganja chake sakafuni, meno yote ya dhahabu yakaonekana. Jumatatu akaleta watu wenyewe: Bwana Noh wa reli na mchumba wake, ndoa yao ni mwezi ujao. Bibi harusi mtarajiwa hakusema neno, alikaa tu chini akakunja miguu, nikajua tumempata. Watahamia tarehe nane Desemba, ambayo kwa kalenda ya mwezi ni tisa, siku isiyo na mkosi. Wataleta na moto wao wa makaa kutoka kwao ndani ya ndoo, bahati iingie kwanza kabla ya vyombo.

Kwak anashauri tukiwashe chumba mwezi mzima kabla, kikauke, harufu ya mafuta itoke. Sasa nani alale mle? Nilitaka nilale mimi. Mama akanitazama kama nimemtukana. Alisema, "Chumba hicho mwanangu alikijenga kwa ajili ya nani?" Na kweli ni haki yake. Kwa hiyo kuanzia Novemba mosi atalala yeye, na nimeshamtandikia pale hasa penye joto, juu ya jiko. Mzee hawezi kulazwa upande wa baridi watu wakatuona. Magoti yake yatapona majira haya, utaona.

Nailoni bado. Mama hataki, anasema atamuonaje tarishi. Nitaigongelea tukimaliza kutia kimchi, kabichi za kuchachusha za majira ya baridi.

Unaona? Januari unakuja. Nimeanza kuhesabu.

Mwenye vidole vibovu,
Mama Hyeran


Jecheon, 5 Novemba 1978

Baba Hyeran,

Nakuandikia kwa mkono wenye chumvi na pilipili, usamehe madoa. Tuko wazima kwa wastani. Kabichi mia moja ziko uani, Mama Cheolgu na wenzake wanakuja kesho kutwa, na mimi ndiye ninayejua kila kitu kilipo.

Mama kalala chumba kipya siku ya nne leo. Amefurahi, anasema mgongo wake haujawahi kupikwa vizuri namna hii. Ila asubuhi kichwa kinamuuma, na jana alitapika. Nadhani ni harufu ya mafuta ya sakafu, au ule uduvi wa chumvi alioula wakati naandaa viungo, maana hakubali kuambiwa. Akikaa uani nusu saa anapata nafuu. Analalamika chumba "kinamkaba", kwa hiyo anatoboa dirisha. Nimeziba matundu matano kwa siku nne! Nikamwambia, "Mama, watu wanakuja kutazama chumba, watasema tunafuga panya." Akasema, "Panya wanatafuta jibini, mimi natafuta barua." Jibini kaijulia wapi, mimi sijui. Redioni labda.

Nimeshanunua nailoni. Jumamosi tarehe kumi na moja kazi ya kimchi itakuwa imekwisha, nitaigongelea, safu mbili, kama ulivyonielekeza. Akilala penye joto bila upepo, na hicho kichwa kitapona.

Usiwe na wasiwasi wowote.

Wako,
Mama Hyeran


Jubail, 8 Novemba 1978

Mama Hyeran,

Acha kila kitu. Ukifika mwisho wa mstari huu, weka barua chini, nenda ukamtoe Mama katika chumba kile, uzime jiko lake, ufungue mlango. Kisha urudi usome.

Umemtoa?

Barua yako ya Oktoba nimeipata jana jioni. Nilikuwa nawasomea wenzangu kwa sauti, jinsi Mama alivyotembea sakafuni bila soksi, wanacheka, mpaka nilipofika pale ulipoandika umemtandikia juu ya jiko. Nikaukunja ukurasa. Wakaniuliza, "Vipi, umefiwa?"

Nakuambia sasa nilichopaswa kukuambia Januari. Siku mbili kabla ya ndege nilikuwa naweka jiwe la mwisho, lile kubwa bapa la juu ya jiko. Udongo ulikuwa umeganda, mikono imekufa ganzi, nikaligonga kwa nyundo likae sawa, likapasuka. Ufa ulipita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwenda machimboni kutafuta jingine ni siku nzima, na barabara ilikuwa barafu tupu. Nikajaza ufa kwa udongo, nikalainisha juu. Udongo wa majira ya baridi haushiki, Mama Hyeran. Ukipata moto unakauka na kuachia, na hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala haibishi hodi. Baba alinifundisha hilo nikiwa na miaka kumi na miwili.

Mama aliingia akaniletea chai. Akatazama sakafu, akasema, "Imekwisha?" Nikasema, "Imekwisha, Mama." Akafurahi mno. Ningemwambia nini? Mwana wa fundi sakafu amepasua jiwe la mama yake mwenyewe? Nikajisemea hakitawashwa mpaka nirudi. Na ulipoandika habari ya kupangisha, nikajisemea tena kwamba karatasi safu tatu itaziba, na mpangaji ni kijana, na nitarudi Januari. Nilikwambia usiichimbe kwa sababu niliona haya. Nilikwambia uzibe madirisha kwa sababu mimi ni mpumbavu.

Leo nimeomba ruhusa nikaenda mjini kupiga telegramu. Posta imefungwa. Ni Hija na sikukuu ya kuchinja, watu wote wako na kondoo wao, hawafungui mpaka wiki ijayo. Karani wa kambi ana simu ya upepo lakini ni ya shughuli za kampuni. Nilimpigia magoti, akaniinua, akasema hana mamlaka. Kuna mwenzetu, Bwana Seok, mkataba wake umekwisha, anaruka kesho. Nimemkabidhi barua hii aitie posta mara tu akishuka Seoul. Ameiweka ndani ya soksi mbele ya macho yangu.

Mtoe Mama. Mtoe, mtoe.

Baba Hyeran


Jubail, 20 Novemba 1978

Mama Hyeran,

Hamjambo? Nauliza swali hili kila siku toka tarehe nane na hakuna anayenijibu.

Posta ilifunguliwa tarehe kumi na tano. Nilikuwa wa kwanza mlangoni, nikatuma telegramu: ZIMA JIKO CHUMBA KIDOGO JIBU MARA MOJA. Leo ni siku ya tano. Hakuna jibu.

Badala yake leo imefika barua yako ya tarehe tano. Ile ya chumvi na pilipili. Nimesoma kwamba kichwa kinamuuma, kwamba alitapika. Nimesoma kwamba ungegongelea nailoni Jumamosi tarehe kumi na moja, kama nilivyokuelekeza. Haya nayasoma siku tisa baada ya Jumamosi hiyo. Nimekaa nyuma ya bohari ya saruji mpaka msimamizi akanitafuta.

Seok aliruka tarehe tisa. Kama aliitia posta tarehe kumi, je, ilifika Jumamosi? Ulikuwa umeshashika nyundo? Nahesabu hivi nikila, nikifunga nondo, nikioga. Kila mara napata jibu tofauti.

Wameleta karatasi za mwaka wa pili. Tunatakiwa tusaini kabla ya mwisho wa Desemba. Kama Mama hayupo, nitasaini. Nitasaini na wa tatu. Nitaleta fedha, sitaleta uso. Mtu aliyefanya kama nilivyofanya hawezi kukanyaga ua ule.

Niandikie. Hata neno moja. Hata kama neno lenyewe ni lile.

Baba Hyeran


Jecheon, 9 Desemba 1978

Baba Hyeran,

Mama yuko hai. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata, maana najua huwezi kuzisikia kabla yake.

Sasa salamu. Mimi si mzima sana, ila nasimama. Hyeran ana jino jipya. Theluji imefika kwenye kizingiti.

Barua aliyoileta Bwana Seok kwenye soksi ilifika Jumatatu tarehe kumi na tatu. Mama tulimkuta Jumapili.

Jumamosi niligongelea nailoni, safu mbili, misumari kila sentimita tano, kazi safi. Mama alisimama uani akinitazama. Akasema, "Sasa nitamuonaje tarishi?" Nikamwambia kwa ukali, mbele ya Mama Cheolgu, "Mama, tarishi ana mdomo, atabisha! Hii nyumba tunaijenga sote, wewe unaitoboa peke yako!" Aliingia ndani. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia siku ile. Ukitaka kujua kama wewe peke yako una jiwe, hilo ndilo langu.

Asubuhi hakutoka. Nilipofungua mlango hakuwa kwenye tandiko lake penye joto. Alikuwa amejikokota mpaka upande wa baridi, chini ya dirisha, uso umebandikwa kwenye kingo, na pini yake ya fedha ya nywele mkononi. Alikuwa ameitoboa nailoni, safu zote mbili. Tundu dogo, la kupitisha pini tu. Daktari anasema huenda ndilo lililomfikisha asubuhi. Sijui kama alitaka hewa au alitaka kumuona tarishi, na yeye mwenyewe hakumbuki.

Tulimburuta uani, tukamlaza kifudifudi juu ya ardhi, Mama Cheolgu akaja mbio na bakuli la maji ya figili zilizochacha, dawa ya wazee kwa aliyevuta hewa ya makaa, akamnywesha kijiko kijiko huku akilia na kumtukana ili aamke. "Wewe bibi kizee, unakufa kabla hujalipa kabichi zangu?" Akakohoa. Nilimbusu Mama Cheolgu mdomoni, na hatujazungumza juu ya jambo hilo tena.

Kesho yake nikiwa nimerudi kutoka hospitali kuchukua nguo, tarishi akanipa barua yako. Niliisoma nimesimama langoni. "Umemtoa?" uliuliza. Nikakaa chini kwenye theluji.

Telegramu yako nayo ilifika. Wiki ya kwanza sikujibu kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandika, nilikuwa namshika Mama. Ya pili nilikuwa nao, sikuandika makusudi. Nilitaka ukae na lile jiwe kifuani kama sisi tulivyokaa nalo chini ya godoro. Nilikukasirikia, Baba Hyeran, na bado nina hasira, ila zimepungua kiasi cha kushika kalamu. Sikukasirikia ufa. Mawe hupasuka. Nilikasirikia miezi kumi ya "kazi ya chini nilishaimaliza mimi". Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilitaka kumuumbua mtu mwingine.

Nimeichimba sakafu. Nilichana karatasi zote tatu, zile nilizozisugua siku nne. Mzee Jang, fundi aliyekuendeleza baada ya baba yako, alikuja na fimbo yake, akalitazama jiwe, akasema, "Kijana huyu ni mwanafunzi wangu, aibu hii tugawane." Tukaleta jiwe jipya kwa mkokoteni wa ng'ombe. Yeye alielekeza, mimi nikakanda udongo kwa maji ya moto, kidogo kidogo, na kila safu tukaingoja ikauke. Lile lililopasuka liko kando ya lango. Wapita njia wanalikalia.

Jana walikuja akina Noh, siku yao isiyo na mkosi, bibi harusi mbele na ndoo yake ya moto. Niliwasimamisha langoni nikawaambia kila kitu: jiwe, nailoni, Mama. Kwak alikuwa ananikonyeza ninyamaze mpaka jicho lilimtoka machozi. Nikasema hamuingizi moto mpaka tupime. Tukatia matawi mabichi ya msonobari na nyasi zilizoloa theluji jikoni, tukawasha, tukaziba bomba la moshi, sote tukapiga magoti chumbani kutafuta moshi, Bwana Noh na kofia yake ya reli, bibi harusi na nguo yake ya kuhamia. Nusu saa nzima. Haukutoka hata uzi. Kisha bibi harusi akasema neno la kwanza nililowahi kumsikia: "Tundu la dirisha tuliache." Wakaingia. Amana iko kwa Kwak, kamili.

Kwa hiyo husaini. Nasema mimi.

Ila lipo jambo ambalo nimeliweka mwisho. Mama amerudi kutoka hospitali, amerudi chumba kikubwa, juu ya sakafu aliyoijenga baba yako. Ananijua, hasa nikimkemea. Hyeran anamjua. Lakini mengine yamemponyoka. Daktari anasema baadhi yatarudi na baadhi hayatarudi, na hajui yapi. Picha yako nilimpa, akasema, "Kijana mzuri huyu, mwana wa nani?" Na kila siku tarishi akiingia uani, Mama anaweka jicho kwenye tundu la dirisha la chumba kikubwa na kumwita kwa jina lako, "Dongsik! Umerudi, Dongsik?" Siku ya kwanza yule maskini alinitazama, hakujua afanye nini. Sasa anavua kofia na kujibu, "Nimerudi, Mama, narudi kazini." Anakuwa wewe kwa dakika mbili, kisha anaendelea na barua zake.

Umeandika kwamba utaleta fedha bila uso. Fedha kaa nazo. Ni uso unaotakiwa hapa, na unatakiwa upesi, maana tarishi anazoea kuwa mwanawe na Mama anamzoea yeye. Mama hajui habari ya jiwe. Sijamwambia, na mimi sitamwambia. Hilo utaamua wewe ukiwa mbele yake.

Siku ukifika, usibishe hodi. Simama uani mbele ya dirisha, usawa wa lile tundu, uvue kofia, umwache akutazame. Akichelewa kukujua, usiseme jina lako, ngoja. Na asipokujua kabisa, ingia hivyo hivyo. Kila jioni anajaza bakuli la wali, analifunika, analisukuma chini ya blanketi mahali pa joto. Namuuliza, "La nani hilo, Mama?" Anafikiri sana. Anasema, "Sijui. Lakini yuko njiani."

Mama Hyeran